Sukari ya Kreti ya Bluu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatano, sisimizi walikuwa wakipita kando ya damu iliyokauka bila kuigusa.

Inspekta alichuchumaa akawatazama. Walitoka kwenye ufa wa dirisha, wakashuka ukutani, wakaambaa na sakafu ya saruji hadi chini ya kichanja cha kukaushia chupa, kisha wakarudi kwa njia ileile. Damu hawakuwa na haja nayo. Walichokifuata kilikuwa kati ya miguu miwili ya kichanja.

"Koplo, bahasha na brashi."

Koplo alimzidi mkubwa wake umri kwa miaka kumi na miwili, na magoti yake yalilalamika alipoinama. "Chembe nyeupe, afande. Chumvi?"

"Umewahi kuona sisimizi wakipigania chumvi?"

Koplo alifagia chembe ndani ya bahasha, akaandika saa na mahali.

Chumba kilikuwa nyuma ya nyumba, hatua nne kwa tatu. Upande wa mlango palikuwa na meza yenye ndoo ya lita ishirini iliyotobolewa na kutiwa koki. Upande wa dirisha, kichanja: vijiti thelathini na sita, kila kijiti kwa chupa moja iliyopinduliwa mdomo chini. Katikati, mashine ya mkono ya kubania vizibo. Ukutani, kipimajoto kilichosoma nyuzi ishirini na tisa. Humu ndimo ndugu wawili walimopika bia yao kwa miaka tisa, lita ishirini kwa mpiko mmoja, ya kunywa wenyewe na kugawia jirani.

Jumatatu saa kumi jioni mke wa kaka mkubwa aliingia humu, akainua kreti ya bluu ili aitoe nje. Chupa moja ikapasuka. Kipande cha kioo chenye urefu wa kidole gumba kilimkata mshipa wa shingo. Alikufa kabla gari halijafika. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipimo, alikuwa mahabusu tangu usiku huo, na saa sita mchana jalada lilipaswa kufika mezani kwa mwendesha mashtaka. Kichwa cha jalada kilikuwa tayari kimeandikwa: kuua kwa kukusudia.

"Soma tena ya maabara," Inspekta alisema.

Koplo alifungua karatasi. "Kreti mbili za kahawia, chupa ishirini na nne. Wametoboa vizibo vinne, wakapima mgandamizo wa hewa. Zote sawasawa, wa kawaida. Kreti ya bluu, chupa kumi na moja zilizosalia. Nazo wametoboa nne. Ya kwanza mara mbili ya kawaida, ya pili mara mbili na nusu, ya tatu mara mbili na kidogo, ya nne karibu mara tatu. Chupa zote zimejaa, nafasi ya vidole viwili chini ya kizibo. Sababu: sukari imezidi, hamira imeigeuza hewa."

"Na kreti ya bluu ni ya nani?"

"Ya mdogo mtu. Kwa hiyo mimi naona hivi, afande. Kaka hakumlenga mkewe. Alimlenga mdogo wake. Mama wa watu ameinua mzigo usiokuwa wake."

"Ni dhana nzuri," Inspekta alisema. "Ina kasoro moja tu, sijaithibitisha."

Mlango ulisukumwa ukagonga ukuta. Aliyeingia alikuwa dada wa marehemu, fundi cherehani, mkanda wa kupimia bado shingoni. Hakusalimia.

"Bado mnakagua wadudu? Dada yangu yuko kwenye jokofu na ninyi mnafagia sakafu?"

"Pole, dada. Hapa usikanyage, tafadhali."

"Usinipe pole, nipe jibu! Yule mwanamume ataandikiwa kesi au hataandikiwa? Miezi mitano nyumba hii haina amani. Miezi mitano! Watu wazima, wenye ndevu, hawasemeshani kwa sababu ya ndoo ya bia!"

"Ndoo ipi?"

"Mmoja alipika, mwenzake akaionja, akasema siki hii, akaimwaga kwenye mtaro bila kuuliza. Basi. Tangu siku ile kila neno lapita kwa dada yangu. Mwambie mdogo wangu aoshe ndoo. Mwambie kaka vizibo vimekwisha. Na wamesimama hatua mbili! Aligeuzwa simu ya watu wawili."

Inspekta alikuwa ameacha kutazama sakafu. "Jumamosi ile walipojaza chupa, siku tisa kabla ya kifo, ulikuwepo?"

"Nilikuwa jikoni. Wameanza tena asubuhi na mapema, mwambie hivi, mwambie vile. Dada yangu akaweka mwiko chini akamwambia mumewe usoni: leo sibebi maneno ya mtu, midomo mnayo. Akachukua mkoba, akaja kwangu, akakaa hadi jioni. Huyo ndiye aliyeuawa. Mwanamke aliyechoka siku moja. Andika kwamba walikuwa wakigombana. Andika!"

"Naandika," alisema Inspekta, na aliandika, neno kwa neno.

*

Saa tatu na nusu Kipimo alikaa mbele ya Inspekta kituoni, mikono juu ya meza kama mtu anayesubiri ipimwe. Kazi yake ilikuwa kurekebisha mizani za viwandani. Mbele yake palikuwa na daftari lake lenye jalada gumu: mipiko thelathini na moja, kila mmoja na ukurasa wake, joto, siku, uzito wa kimea, uzito wa hamira, uzito wa sukari.

"Mpiko wa thelathini na moja," Inspekta alisema. "Umeandika sukari gramu mia moja na nane. Nieleze iliingiaje."

"Imeandikwa."

"Nataka kuisikia."

"Chupa thelathini na sita, gramu tatu kila chupa. Nimeichemsha jikoni kwa maji kikombe kimoja. Nimemimina ndooni, nikakoroga taratibu. Nikajaza chupa zangu ishirini na nne, nikabana vizibo, nikaondoka."

"Sukari kavu uliingia nayo chumbani?"

"Sukari kavu mle ndani? Iite sisimizi? Miaka yote nilikuwa napiga kelele juu ya hiyo sukari!"

"Miaka yote. Kwa hiyo zamani iliingia."

Kipimo alimtazama kwa chuki. "Zamani tulikuwa tunatia kijiko cha chai ndani ya kila chupa, kisha bia. Kijiko hakipimi. Leo kinajaa, kesho kimepungua. Chupa hii imelala, ile inatapika. Nimechoka. Mpiko huu ndio wa kwanza kutia ndooni."

"Na mdogo wako anajaza zake lini?"

"Nikitoka, anaingia. Hatukai chumba kimoja."

"Alijua kwamba safari hii sukari imo ndooni?"

"Nilimwambia mama watoto amwambie."

"Yeye alikujibu nini?"

Koplo aliinua kichwa kutoka kwenye maandishi yake.

"Nimekuuliza, alikujibu nini?"

"Alimwambia! Siku zote alimwambia! Anapiga kelele, kisha anakwenda anamwambia." Alipiga meza kwa kiganja. "Mmeniweka humu ndani siku mbili, mke wangu hajazikwa, na mnaniuliza habari ya vijiko! Nendeni mkamuulize yule mwenye mkono mzito!"

"Yule ana jina la kuitwa. Ni mdogo wako."

"Mwambie..." alianza Kipimo, kisha akafunga kinywa.

"Baada ya kujaza chupa ulikwenda wapi?"

"Kiwandani, safari. Saa sita mchana. Nimerudi Jumanne jioni, wiki iliyopita. Mlango ulikuwa na kufuli."

Inspekta alimgeukia Koplo. Koplo alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amempigia bawabu wa kiwanda jana: kitabu cha langoni kilionyesha mtu huyo akiingia Jumamosi saa nane na kutoka Jumanne saa tisa. Siku tatu kamili. Katika joto la nyuzi ishirini na tisa, siku tatu zinatosha hamira kujaza chupa hewa.

Katika korido Koplo alisema, "Afande, bado inawezekana. Amerudi Jumanne, amefungua chupa za mwenzake, ametia sukari, amefunga tena. Alikuwa na siku sita mpaka Jumatatu."

"Inawezekana kwa mtu asiyejua bia," alisema Inspekta. "Chukua chupa moja ya kreti ya kahawia. Ifunge kwenye blanketi. Na robo kilo ya sukari."

"Na kijiko?"

"Kijiko tutaazima."

*

Mdogo mtu alikuwa fundi viatu, na jina lake la mtaani lilikuwa Gundi. Kibanda chake kilikuwa na upana wa meza moja; viatu vilining'inia kwa kamba zake kama vitunguu, na harufu ya ngozi na gundi iliuma puani. Saa nne na dakika arobaini alikuwa akipigilia kisigino, misumari mitatu katikati ya midomo. Aliwaona, akaendelea kupiga. Alipiga nyundo kwa nguvu kuliko kisigino kilivyohitaji.

"Mmemtia kamba shingoni au bado?" aliuliza, misumari ikichezacheza.

"Toa misumari kwanza," alisema Inspekta. "Sitaki maiti ya pili wiki hii."

Aliitemea kiganjani. "Kreti ile ilikuwa yangu, afande. Yangu! Bluu niliipaka mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nife. Shemeji yangu alikuwa ananiletea hapa, maana mimi kwenye nyumba ile sikanyagi ila siku ya kujaza. Amekufa kwa ajili yangu."

"Nani alitia sukari iliyozidi?"

"Unauliza! Nani analala na zile chupa ukuta kwa ukuta? Alikuwa na wiki nzima. Anafungua kizibo, anatia sukari, anabana. Mashine si iko palepale? Mtoto wa darasa la pili anaweza."

"Wewe umeona?"

"Sikuhitaji kuona. Ninamjua. Aliimwaga bia yangu kwenye mtaro mchana kweupe, atashindwa na hili?"

"Umepika bia miaka mingapi?"

"Tisa. Mimi ndiye niliyemfundisha, si yeye. Yeye alikuja na madaftari yake baadaye."

"Vizuri," alisema Inspekta. "Basi nisaidie. Una kijiko cha kuniazima?"

Gundi alisita. Kwenye kopo la chai pembeni mwake kulikuwa na kijiko. Alikitoa polepole. Inspekta alisogeza viatu, akatandaza gazeti juu ya meza, akasimamisha chupa ya kreti ya kahawia, akafungua kizibo. Ilipumua kidogo, ikatulia. Bia ilikuwa vidole viwili chini ya mdomo. Alichota sukari, kijiko kikajaa hadi kikawa na kichuguu. Alikinyanyua juu ya chupa.

"Subiri," alisema Gundi.

"Kwa nini?"

Inspekta alimimina.

Bia ilipanda kabla sukari haijafika chini. Ilitoka mdomoni kwa povu nene, ikamwagika juu ya gazeti, ikafuata ukingo wa meza, ikaingia ndani ya kiatu cha mteja kilichokuwa chini. Koplo aliruka nyuma. Ilipotulia, chupa ilikuwa na nusu.

"Mtoto wa darasa la pili angekuwa ameloa hadi viwikoni," alisema Inspekta. "Bia yenye hewa haikubali sukari. Inatapika. Chupa kumi na moja za kreti ya bluu zimejaa vidole viwili chini ya kizibo, nimezipima kwa rula. Hazikufunguliwa. Sukari ilikuwemo kabla hazijawa na hewa. Na uliniambia nisubiri kwa sababu unajua hivyo tangu miaka tisa iliyopita."

Gundi aliokota kiatu kilicholoa, akakimwaga, akakiweka mahali palepale.

"Labda alitia ndooni," alisema kwa sauti ndogo. "Alipomaliza zake. Akaongeza, kwa zangu."

"Angetia ndooni, chupa zako zote zingekuwa na nguvu moja. Maabara inasema kila moja ina yake. Mara mbili, mara mbili na nusu, karibu mara tatu. Huo ni mkono, chupa kwa chupa. Hicho ni kijiko, na kijiko hakipimi." Alitoa bahasha, akaiweka juu ya gazeti bichi. "Hii nimeitoa asubuhi chini ya kichanja. Sukari kavu. Kaka yako siku hiyo aliichemsha jikoni. Chupa zenu zilikuwa zimepinduliwa mdomo chini, hakuna awezaye kutangulia kuweka kitu ndani. Aliyezigeuza zile kumi na mbili, akiwa peke yake, akaziweka wima chini kando ya kichanja, ni nani?"

Nje mtu aliuliza kama viatu vyake viko tayari. Koplo alimwambia arudi baadaye.

"Kijiko kimoja kimoja," alisema Gundi. "Kama siku zote. Wallahi kama siku zote. Nimetia kama tulivyotia siku zote!"

"Hukujua kwamba imo ndooni."

"Ningejuaje? Hakuna aliyeniambia! Shemeji hakuwepo. Nimekuta ndoo, nimekuta chupa, nimefanya kazi yangu nikafunga kufuli nikaondoka. Yeye alikuwa bado yuko uani anafunga begi lake! Nimempita hivi, bega kwa bega! Angefungua kinywa. Neno moja! Imo. Basi. Imo!"

"Na wewe ungeuliza."

"Nimuulize yeye?"

Alilisema hilo kwa hasira safi, ya mtu aliyedhulumiwa, na Inspekta alihisi damu yake mwenyewe ikipanda. Aliisubiri ishuke. Haikushuka yote.

"Ulijua lini?"

Gundi alitazama chupa.

"Nimekuuliza lini."

"Jumatatu. Niliitwa mbio, nikamkuta amempakata shemeji pale sakafuni. Alikuwa anapiga mayowe: gramu tatu, nimechemsha, gramu tatu, nimechemsha. Watu walidhani amerukwa na akili. Mimi nilielewa."

"Jumatatu jioni. Leo ni Jumatano. Ulitoa maelezo kituoni Jumanne asubuhi, nimeyasoma mara nne. Umesema kaka yako alikusudia kukuua. Umetia sahihi."

"Nilikuwa na hasira."

"Ulikuwa na hasira," Inspekta alirudia. Sauti yake haikupanda. Koplo, aliyemzoea, aliweka kalamu chini. "Kijiko kilikuwa kosa. Kosa naliandika hivyo, kosa. Lakini siku mbili umekaa hapa unapigilia visigino, na ndugu yako analala kwenye saruji kwa jina la muuaji wa mkewe, na wewe mwenyewe ndiye uliyelitia muhuri. Hilo si kijiko. Vaa shati. Unakuja kubadilisha maelezo yako."

"Mtanifunga?"

"Kwa maelezo ya uongo, ndiyo, ikiwa mwendesha mashtaka ataniuliza mimi. Kwa lile jingine ataamua yeye. Funga kibanda."

Gundi alifunga. Kufuli ilikataa mara mbili. Koplo hakumsaidia.

*

Saa tano na dakika arobaini Gundi alitia sahihi maelezo mapya, kurasa tatu. Inspekta alichukua jalada, akafuta kichwa chake kwa mstari mmoja wa rula, akaandika kingine chini yake. Alimpigia mwendesha mashtaka, akazungumza naye dakika nne. Kisha akaagiza Kipimo atolewe.

Walikutana koridoni, kwa sababu kituo kilikuwa na korido moja tu. Kipimo alikuwa na mkanda wake wa suruali mkononi na daftari kwapani. Gundi alikaa kwenye benchi, mkono mmoja umefungwa pingu kwenye chuma cha benchi. Dada wa marehemu, aliyeitwa na Koplo, alisimama mlangoni. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Inspekta alimsomea Kipimo maelezo, yote, pale pale aliposimama. Alipofika kwenye maneno *neno moja, imo*, Kipimo aliegemea ukuta.

"Alimwambia," alisema. "Siku zote..."

"Hakumwambia," alisema dada wa marehemu. "Alikuwa kwangu. Amekaa kwenye kiti changu, miguu juu ya kigoda, anakunywa chai. Alikuwa anacheka. Alisema leo watajijua."

Uso wa Kipimo ulikuwa umebadilika rangi. Alielekeza kidole kwenye benchi bila kugeuza kichwa.

"Inspekta, muulize huyo..."

"La," alisema Inspekta. "Mimi pia sibebi maneno ya mtu. Yupo hapo. Hatua mbili."

Dada wa marehemu alijiziba mdomo kwa mkanda wa kupimia.

Ilikuwa saa tano na dakika hamsini na mbili. Kipimo aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika miezi mitano alimtazama mdogo wake machoni, na mshipa wa shingo yake ulikuwa umesimama kama kamba. Koplo alisogea hatua moja, tayari kuwatenganisha.

"Kijiko kipi?" aliuliza Kipimo.

"Kilekile," alisema Gundi. "Cha chai. Cha mama."

"Kimejaa au kimesawazishwa?"

"Kimejaa."

"Chupa zote kumi na mbili?"

"Zote, kaka."

Kipimo aliegemeza daftari ukutani, akalifungua kwenye ukurasa wa mpiko wa thelathini na moja. Akaomba penseli. Koplo akampa yake. Karibu na gramu mia moja na nane aliandika: *kreti ya bluu, ongeza gramu sita kila chupa*. Akakandamiza nukta mpaka penseli ikakatika, na karatasi ikatoboka.

Saa tano na dakika hamsini na sita alitia sahihi kitabu cha kutoka.